Programu ya kutuliza mawazo: kupumua inajua, kuwaza haijui

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Programu hii inafundisha kupumua vizuri, inamlaza mtu aliyechoka, na inamdanganya kuhusu kichwa chake mwenyewe. Mawili ya kwanza yanatosha kuipa nafasi kwenye simu. La tatu ndilo lililonifanya nikae chini niandike mapitio marefu namna hii badala ya kubonyeza nyota na kwenda zangu.

Jina lake nitaliacha. Nina malalamiko na sitaki ugomvi na mtu, na isitoshe programu za aina hii ni kama zimezaliwa tumbo moja. Unafungua, samawati iliyofifia inajaa kwenye kioo, duara linavimba na kunywea taratibu, kengele inalia mara moja, kisha sauti ya mwanamke asiye na haraka yoyote duniani inakukaribisha. Chini kuna mstari wa kuteleza wenye sura mbili, moja imenuna, nyingine inatabasamu. Unauvuta kabla ya kipindi kueleza hali yako, unauvuta tena kipindi kikiisha. Ahadi yenyewe iko juu kabisa kwa herufi nene: dakika kumi bila kuwaza chochote.

Mimi ni fundi wa lifti. Nazifungua zilizokwama, nabadilisha kamba zilizochoka, napima breki. Niliipakua programu kwa sababu ya kawaida tu: usiku kichwa kilikuwa hakizimi. Mwili uko kitandani, akili iko juu kwenye chumba cha mashine inakagua tena boliti iliyokwisha kukazwa mchana. Dada mmoja anayetupangia ratiba kazini akaniambia, "Fundi, weka hii kitu, mimi imenitoa mbali." Nikaiweka.

Mazuri yake kwanza, maana hayahitaji maneno mengi. Zoezi la pumzi ni zuri kwelikweli. Unavuta pumzi duara likivimba, unaitoa likinywea, na kunywea kumepewa muda mrefu kuliko kuvimba. Si mapambo hayo. Moyo hupiga haraka kidogo mtu akivuta pumzi na hupunguza mwendo akiitoa, kwa hiyo ukirefusha kutoa, mapigo nayo yanatulia. Utausikia mwili unalegea hata kama huamini chochote. Zoezi la kupitia mwili kiungo kwa kiungo, kuanzia kisigino hadi utosi, nalo ni zuri. Mara nyingi sifiki magotini nikiwa macho. Hadithi za kulalia sizipendi. Msimulizi ananong'ona mno, unajikuta umekaza masikio kumsikiliza, usingizi unaondoka.

Mizizi ya mazoezi haya pia haina ubaya. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akayachukua kutoka mapokeo ya Kibuddha na kuyafundisha kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu ya kudumu na msongo. Yeye hakuuza kichwa kitupu. Mgonjwa alifundishwa kuliona wazo likija, kulitambua kuwa ni wazo, na kutolazimika kulifuata kila linakokwenda. Hilo ni jambo la heshima na lina faida. Kati ya pale na hapa kwenye simu yangu, mtu wa matangazo amepita katikati.

Ugomvi wetu ulianza kwenye somo linaloitwa "Kelele". Mwanamke asiye na haraka anaeleza kwamba mawazo ni kelele ambazo ubongo unazitoa zenyewe tu, hazina maana, hazina kazi, na mwenye hekima ni yule anayepunguza sauti. Nyuma yake mawimbi yanapiga ufukweni. Nikasimamisha kipindi hapohapo.

Hebu tuliangalie hilo. Ubongo wa mtu mzima una karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Na mwili ni bahili. Msuli usioutumia unapungua. Mfupa usiobeba mzigo unakonda. Mwili wenye tabia hiyo utakubalije kulipia moja ya tano ya kipato chake kila siku, mchana na usiku, kwa ajili ya kelele?

Tena angalia wakati unapolipwa. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walitoa maelezo ya jambo lililokuwa likiwasumbua watafiti wa picha za ubongo. Walikuwa wakiwalaza watu ndani ya mashine, wakiwapa kazi ya kufanya, kisha wakilinganisha na muda ambao mtu amelala tu hana kazi. Kulikuwa na maeneo ya ubongo yaliyokuwa yakifanya hivi: mtu akipewa kazi yanapunguza shughuli, akiachwa bila kazi yanaamka. Utafiti uliofuata uliyakuta maeneo hayohayo mtu anapokumbuka yaliyompata, anapojiona katika siku zijazo, na anapojaribu kukisia wengine wanawaza nini. Yaani ukiuacha ubongo huru, unarudi kwenye jana, kesho na watu wengine. Hakuna aliyeuagiza. Na ukiupa hesabu ngumu, matumizi yake ya nishati kwa ujumla hayapandi sana, kwa kuwa ulikuwa kazini tangu mwanzo.

Kwa kuwa wametuwekea bahari kwenye somo, baharini humo kuna mnyama ambaye angewafaa sana kwa tangazo. Ni wa jamii ya tunikati. Akiwa mchanga ana mkia, anaogelea, ana jicho sahili na kifundo cha neva kinachomwongoza. Akipata jiwe la kumfaa anajibandika kwa kichwa, na hapo ndipo makazi yake ya maisha. Mkia unanyonywa na mwili, na sehemu kubwa ya mfumo ule wa neva wa utotoni nayo inanyonywa. Anabaki na kifundo kidogo kinachotosha kwa kazi ya kuchuja maji. Asiyekwenda popote hana haja ya kujua kilichoko mbele. Huyo ndiye mwanafunzi bora wa somo la "Kelele", dakika kumi kwa dakika kumi, bila kukosa hata siku.

Sisi tunakwenda. Nitaeleza kwa kazi yangu, maana ndiko ninakoweza kuapa. Lifti imekwama katikati ya ghorofa mbili, ndani yuko mtu mmoja, umeme umekatika. Fundi amepanda chumba cha mashine. Pale kuna wenzo wa kuachia breki kwa mkono. Swali ni moja: ukiuvuta, kile chumba alichomo mtu kitakwenda upande gani? Asiye wa kazi hii atasema kitashuka, tena atakushangaa kwa kuuliza. Kumbe upande wa pili wa zile kamba za chuma unaning'inia uzani wa kusawazisha, na uzani huo hupangwa uwe sawa na chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo kinaoruhusiwa kubeba. Mtu mmoja hafikii nusu ya mzigo. Kwa hiyo uzani ndio mzito, na breki ikiachiwa chumba kinapanda. Kisipodhibitiwa kinazidi kuongeza kasi kuelekea juu kabisa ya shimo la lifti.

Sasa mtazame fundi aliyesimama, mkono uko karibu na wenzo lakini haujaushika. Kwa nje hafanyi lolote. Ungempiga picha ungesema amezubaa. Ndani ya kichwa ameshauvuta wenzo. Chumba kimepanda, kimekwenda kasi, kimegonga, mtu ameumia. Ameurudisha. Ameuvuta tena, safari hii kidogo, akaachia, akavuta, akaachia, chumba kikapanda shubiri kwa shubiri hadi usawa wa mlango wa ghorofa ya juu. Kisha akarudi nyuma akajiuliza: je, swichi kuu imezimwa, umeme usije ukarudi mkono wangu ukiwa hapa? Yote hayo kabla hajagusa chuma. Ajali imeshatokea na hakuna aliyeumia. Kwa kadiri ninavyoijua fikra, kazi yake ya kwanza ni hiyo: kukosea mahali ambapo kosa halivunji mfupa. Majuto ni mjukuu, huja kinyume; fikra inamleta mjukuu mapema, umwone sura, kisha uamue.

Mwanasaikolojia Kenneth Craik wa Cambridge aliliandika wazo hili mwaka 1943. Alisema kiumbe akibeba kichwani mfano mdogo wa ulimwengu ulioko nje, anaweza kujaribu njia hii na ile, akachagua iliyo bora, akajiandaa kwa mambo kabla hayajamfika. Nampenda Craik kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa na vitabu tu; wakati wa vita alikuwa akichunguza jinsi watu wanavyolenga shabaha kwa mitambo. Alipata ajali akiwa kwenye baiskeli mwaka 1945, siku ambazo vita vya Ulaya vilikuwa vinamalizika, akafa akiwa na miaka 31.

Alichokisia yeye, baadaye wengine walikiona kwa panya. Muda mrefu ilijulikana kwamba panya akifika njia panda ndani ya njia za majaribio husimama, akageuza kichwa kulia, kushoto, kulia. Mwaka 2007 Adam Johnson na David Redish wa Chuo Kikuu cha Minnesota walirekodi seli za ubongo wake wakati huohuo. Hizo ni seli ambazo kila moja huamka panya akiwa mahali fulani. Panya akiwa amesimama palepale, zikawa zinaamka seli za sehemu za mbele: kwanza za njia hii, kisha za njia ile, zikifuatana kana kwamba anatembea. Alikuwa anatangulia bila kutembea. Hebu mwambie panya huyo kwamba ile ni kelele.

Somo linalofuata linaitwa "Sasa", na hapa programu inazidi kuchemka. Inasema jana imepita, kesho haijafika, kwa hiyo kilichopo ni sasa tu na mawazo mengine yote ni wizi. Maneno matamu. Wapo watu ambao kesho yao imefifia, na hatuwaonei wivu. Demis Hassabis, kabla hajawa maarufu kwa akili bandia na kabla ya kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024, alifanya utafiti pale Chuo Kikuu cha London, chuo kinachoitwa University College, kuhusu wagonjwa ambao sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi ilikuwa imeharibika. Kwamba walikuwa hawawezi kuweka kumbukumbu mpya lilikuwa jambo linalojulikana. Yeye aliwaomba wabuni kitu: hebu jione umelala ufukweni, nieleze unachokiona. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba wengi wao walitoa vipande vipande tu, bila mandhari iliyoshikamana. Kumbukumbu ilipokwenda, kesho nayo ilikwenda. Inaelekea ghala ni moja: tunahifadhi yaliyopita ili tupate vifaa vya kujengea yajayo. Ajabu ni kwamba programu inamtaka mtu afumbe macho na kujiona yuko ufukweni, kisha kwenye somo la pili inamkemea kwa kutokuwepo hapa alipo.

Wana ushahidi wanaoupenda, wameuweka kwenye ukurasa wenye rangi. Ni utafiti wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuata watu wazima 2,250 kwa njia ya simu, wakiwauliza wakati wowote: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, mtu alikuwa anawaza kitu kingine tofauti na anachokifanya, na kwa jumla waliokuwa mbali kimawazo walikuwa na furaha pungufu. Huo ni utafiti wa kweli na nauheshimu. Lakini programu imekata kipande. Utafiti huohuo ulitofautisha mawazo yenyewe: waliokuwa wanawaza mambo ya kupendeza hawakuwa na furaha pungufu kuliko wale waliokuwa makini na walichokifanya. Mawazo mabaya, na yale yasiyo mabaya wala mazuri, ndiyo yaliyokwenda na kushuka kwa furaha. Tena kufurahi ni jambo moja na kufaa ni jambo lingine. Mimi nikipanga kazi ya kesho sifurahi, nakunja uso. Mtu aliyemo ndani ya lifti angependa niendelee kuukunja.

Siwezi kusema kuwaza ni raha. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walimwacha mtu peke yake chumbani na mawazo yake kwa dakika 15, hana simu, hana kitabu, ila kuna kitufe: ukikibonyeza kinakupiga shoti ya umeme. Shoti hiyohiyo walishaionja, na waliohesabiwa ni wale waliosema wako tayari kulipa wasipigwe tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijibonyezea angalau mara moja. Wanawake 6 kati ya 24. Kama fundi anayeogopa shoti kwa riziki yake, niliposoma hayo nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwa hiyo ndiyo, ninaelewa kwa nini programu hizi zina wateja. Ninachokataa ni dawa wanayoiandika.

Dawa yenyewe iko kwenye zoezi la "Futa". Unaandika wazo linalokusumbua, maneno yanaelea kwenye kioo, unayapangusa kwa kidole, yanayeyuka kwa sauti ya upepo. Unaagizwa usiliwaze tena hadi kesho. Ni zuri kutazama, na ni zoezi baya kuliko yote humu. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wakae dakika tano wakisema lolote linalowajia, isipokuwa wasimuwaze dubu mweupe. Akija, wapige kengele. Kengele zikawa zinalia. Kisha wakaruhusiwa kumuwaza, na hao waliokatazwa kwanza walimuwaza zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kulifukuza wazo kunahitaji mlinzi wa kuangalia kama limerudi, na mlinzi huyo ndiye anayelirudisha. Nilipangusa boliti yangu kwa kidole, upepo ukavuma, na usiku boliti ikaja na shehena ya nyingine.

Boliti ile haikuwa kelele. Ilikuwa swali: umekaza au hukukaza? Swali halifutwi kwa upepo. Kulipangusa ni kama kung'oa betri ya king'ora cha moshi kwa sababu kinakukatisha usingizi.

Na hapa ndipo programu inanishangaza, maana dawa ya kweli wanayo ndani na hawaijui. Ukifungua orodha ya zana, chini kabisa, chini hata ya sauti za mvua, kuna kitu kidogo kinachoitwa "Daftari". Ukurasa mtupu na sehemu ya kuweka saa, basi. Hakuna muziki. Hakuna mwanamke. Nikaandika: "Boliti ya kishikio cha reli, kesho nikifika, kabla ya kitu kingine, spana ya kupimia, niipime, niweke alama ya rangi." Nikaweka saa ya asubuhi. Nikalala.

Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha mwaka 2011 majaribio yanayolieleza jambo hilo. Mtu mwenye shughuli isiyokwisha anapoingia kwenye kazi nyingine, ile ya kwanza inamwingilia na kumharibia umakini. Hilo lilijulikana tangu Bluma Zeigarnik mwaka 1927 alipoonyesha kwamba watu hukumbuka vizuri zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Masicampo na Baumeister waligundua kwamba huhitaji kuimaliza shughuli ili ikuache. Inatosha kuipangia kwa uhakika: lini, wapi, vipi. Mpango ukikamilika, wazo linaondoka lenyewe. Limeshafanya kazi yake, halina sababu ya kuendelea kugonga mlango.

Ukitaka kuijaribu programu hii, basi, fungua "Daftari" kabla ya chochote. Usiandike unavyojisikia, andika utafanya nini, saa ngapi, kwa kutumia nini. "Nimpigie dada" haitoshi. "Nimpigie dada kesho nikitoka kazini, nimwambie sitaweza kuja" hiyo inashusha mabega.

Niwatendee haki kwa upande mwingine. Kuna kuwaza ambako hakuna mpango utakaokutosha, kwa sababu hakuulizi la kufanya. Kunazunguka tu: kwa nini mimi, kwa nini alisema vile, mbona niko hivi. Mtu anacheua. Susan Nolen-Hoeksema aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kuchunguza kucheua huko. Ilitokea kwamba wanafunzi wa Stanford walikuwa wamejaza maswali yake kuhusu namna wanavyokabili huzuni, muda mfupi tu kabla ya tetemeko la Loma Prieta la mwaka 1989 huko California. Alipowapima tena baadaye, waliokuwa na mazoea ya kucheua kabla ya tetemeko ndio waliokuwa wameelemewa zaidi na huzuni. Kwa mawazo ya aina hiyo, duara linalovimba na kunywea lina nafasi yake, na lile fundisho la asili la kuliona wazo na kuliacha lipite linasaidia watu wengi. Tena mwenye huzuni nzito ya namna hiyo amwone mtaalamu, simu haitoshi.

Kosa la programu ni kumpa kila mtu dawa moja bila kumuuliza anaumwa nini. Ingewekwa sehemu ya swali moja tu mwanzoni, "Wazo hili likijibiwa, kuna kitu utafanya?", ndiyo inakwenda kwenye daftari, hapana inakwenda kwenye pumzi, ningeongeza nyota bila kuombwa.

Kitu kingine kinachokosekana humu ni mtu wa pili. Programu nzima imejengwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyefumba macho. Lakini kuwaza kwingine hakukamiliki ndani ya fuvu moja. Jaribu hili na wenzako. Kadi nne ziko mezani, zinaonyesha E, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni zipi lazima uzigeuze kujua kama kanuni ni ya kweli? Ni jaribio la Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, la miaka ya 1960. Watu wengi peke yao husema E na 4, au E tu. Wanaopata huwa wachache sana, pengine mmoja katika kumi. Wakiwekwa kwenye vikundi na kuachwa wabishane, vikundi vingi hufika.

Niliwapa wenzangu wakati wa mapumziko. Kila mmoja kivyake alikuwa na uhakika wa kutisha. Kisha kijana anayejifunza kazi kwetu akauliza, "Lakini fundi, nyuma ya 7 kukiwa na irabu je?" Meza ikanyamaza. Halafu kelele, halafu mtu akagonga paji lake la uso. E na 7. Ile 4 haina la kutuambia, kwa sababu kanuni haijakataza konsonanti kukaa na shufwa. Hugo Mercier na Dan Sperber walitoa hoja mwaka 2011 kwamba kujenga hoja kulikua ndani yetu kwa ajili hiyo hasa, ya kushawishi wenzetu na kupima wanachotushawishi. Ndiyo maana mtu akiwa peke yake hutafuta sababu za kuunga mkono alichokwisha kukiamini, na akiwa mbele ya mbishi makini huwa na akili zaidi. Mimi sikubali kwamba ni kwa ajili hiyo tu. Fundi aliye peke yake juu kwenye chumba cha mashine hana wa kumshawishi. Lakini ile meza niliiona kwa macho yangu. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na ile 7 ilikuwa kwenye kichwa cha mdogo kuliko wote.

Ya ufundi sasa, kwa wanaotaka kuisakinisha. Programu ni nyepesi, haili betri sana, na ukishapakua vipindi vinachezeka bila intaneti. Daftari linapatikana bila kulipia. Pumzi pia. Vya kulipia ni masomo, yaani unalipia falsafa na unapewa bure kilicho na maana; sijalalamika. Arifa ni balaa. Inakukumbusha kutulia wakati umetulia. Kuna hesabu ya siku mfululizo yenye mwali mdogo wa moto, na ukikaribia kuukosa inakuletea ujumbe wa huruma kwamba mwali wako unafifia. Programu ya kuondoa wasiwasi imeniletea wasiwasi mpya ambao sikuwa nao. Zima arifa zote siku ya kwanza. Ule mstari wa sura mbili usiuamini sana: baada ya dakika kumi za sauti nzuri kila mtu anauvuta kuelekea tabasamu, kwa adabu tu.

Jambo jingine, ukiandika kwenye "Daftari", fungua mipangilio ya faragha kwanza. Kisanduku cha kuruhusu maandishi yako yatumike "kuboresha huduma" kimewekwa alama tayari. Iondoe. Mawazo yako hawayathamini, lakini kuyakusanya wanayakusanya.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili za pumzi na daftari, moja kwa ajili ya dada wa ratiba, ambaye imemfaa kwa sababu zake na sina mamlaka ya kumbishia. Mwenye mawazo ya kucheua ajaribu vipindi vya pumzi. Mwenye mawazo yanayouliza swali achukue daftari, hata la karatasi. Na ukitaka kufuta usajili wa kulipia, ingia Mipangilio, kisha Akaunti, uteremke hadi chini ya picha ya machweo. Maandishi ni ya kijivu juu ya kijivu, na yatakuuliza mara tatu kama umefikiri vizuri.